Namna ya Kuchagua Jukwaa la Mchezo wa Video Bila Kuchafua Jina la Kampuni

Mtengenezaji wa michezo ya video wa Arusha au Moshi anapokaribia kumaliza kazi yake, kwa kawaida huuliza ni jukwaa lipi, yaani aina ipi ya kifaa na duka lake, lenye wachezaji wengi. Swali linalopaswa kutangulia ni wapi mchezo huo utakwenda bila kukwama, kwa sababu mtu ambaye simu yake imeganda hailaumu simu. Hulilaumu jina aliloliona mchezo ulipofunguka.

Kampuni kubwa zimejifunza hili kwa hasara. Mwaka 1983 soko la michezo ya video la Marekani liliporomoka, michezo mibovu ikiwa miongoni mwa sababu. Kwa hiyo Nintendo, kampuni ya michezo ya Japani, ilipoingia huko mwaka 1985, iliweka ndani ya mashine yake chipu ya kukataa kaseti zisizo na kibali. Fundisho lililo karibu nasi zaidi ni la CD Projekt ya Poland, ambayo Desemba 2020 ilitoa Cyberpunk 2077, mchezo uliokwenda vyema kiasi kwenye kompyuta zenye nguvu lakini ukavurugika kwenye mashine za kuchezea za PlayStation 4 na Xbox One. Kabla mwezi haujaisha Sony, yenye PlayStation, iliuondoa dukani mwake, na haukurudi hadi Juni 2021. Mchezo ulikuwa uleule. Kosa lilikuwa kuupeleka kwenye mashine zisizouweza.

Kwa hiyo, kabla ya kutangaza chochote, azima simu za ndugu na majirani, hasa za bei nafuu zenye kumbukumbu ndogo (simu yako mpya itakudanganya), kisha ucheze nusu saa juani karibu na soko la Kilombero la Arusha, bando likiwa limekwisha na mtu akikupigia katikati ya mchezo. Aina ya simu itakayoshindwa, iondoe kwenye orodha ya vifaa vinavyoruhusiwa, kwani Google Play, duka la programu za simu za Android, inakupa uwezo huo. Duka hilo hutoza dola 25 mara moja tu, na huitaka akaunti mpya ya mtu binafsi iwe na wajaribu wasiopungua 12 kwa siku 14 mfululizo, sharti ambalo wengi huliona kero ilhali ndilo kinga ya bei rahisi kuliko zote. Duka la Apple, la simu za iPhone, linalotoza dola 99 kila mwaka, linaweza kungoja.

Usigawe faili la mchezo kwa WhatsApp, maana toleo bovu litaendelea kuzunguka Moshi muda mrefu baada ya wewe kulirekebisha. Kila sasisho lipeleke kwanza kwa asilimia chache ya wachezaji, ili ulisitishe mapema likileta hitilafu. Na kama mchezo ni wa watoto, zuia matangazo ya kamari kabla mzazi hajayaona.