Ushuru umefika na mfuko haujajaa: ya kuangalia kabla hujaenda KRA

Nairobi ushuru hukumbukwa wiki ya mwisho ya Juni, foleni za Huduma Centre zikijaa. Kwa anayeishi kwa mshahara pekee pesa si neno, mwajiri ameshamkata; kilichobaki ni kujaza fomu. Lakini kama una duka, ushauri au vibarua vya mtandaoni, jua kwamba Juni 30 ni siku ya mwisho ya fomu ya mapato, yaani ritani. Pesa zenyewe, salio la mwaka uliopita, zilitakiwa Aprili 30. Ukilipa Juni 29 ukijipongeza kwamba umewahi, faini ilishaingia zamani.

Hata hivyo usiache kujaza ritani eti kwa sababu huna kitu. Hapo ndipo watu huumia bure. Ritani ikichelewa faini ni asilimia 5 ya ushuru au Sh2,000, ile iliyo kubwa. Malipo yakichelewa kuna asilimia 5 nyingine, pamoja na riba ya asilimia 1 kila mwezi. Siku tatu za mwezi huhesabiwa mwezi mzima. Ukijaza mapema, ile faini ya kwanza umeikwepa bila kutoa hata ndururu.

Kabla ya kulikubali deni, hakikisha ni deni kweli. Mteja anayekata asilimia 5 ya malipo yako ya ushauri lazima aiwasilishe KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, na cheti cha makato hayo kionekane kwenye iTax, mfumo wake wa mtandaoni. Kaa chini uvilinganishe vyeti na ankara zako, kimoja kimoja. Mimi mteja mmoja aliwahi kunikata Sh7,500 kwenye kazi ya Sh150,000, cheti kikawa hakionekani. Nilipiga simu mara tatu ndipo kikajitokeza.

Kisha lipa ulicho nacho. Tuseme unadaiwa Sh90,000, na kufikia Aprili una Sh30,000. Toa namba ya malipo kwenye iTax, lipa hizo. Zile Sh60,000 zitazaa faini ya Sh3,000 na riba ya Sh600 kwa mwezi. Sasa piga hesabu ya mkopo wa simu unaotoza, kwa mfano, asilimia 8 kwa mwezi: Sh4,800, na mwezi ujao tena. Chama chako cha akiba kikikukopesha kwa riba nafuu kabla ya Aprili 30, chukua, utaikwepa ile faini. Tarehe ikishapita, mkopo hauifuti.

Salio liombee kulipa kwa awamu. Sheria inaruhusu: unamwandikia Kamishna wa KRA, unaeleza kilichokukwamisha na unapendekeza kiasi. Mimi ningeambatanisha taarifa ya benki, maana maneno matupu hayamsaidii afisa. Riba itaendelea kuhesabiwa, ila mpango ukikubaliwa unaweza kukupa nafasi ya kupata cheti cha kutii ushuru, na bila hicho tenda za serikali utazisikia tu. Ukinyamaza, KRA inaweza kuiagiza benki yako, au hata mteja wako, iipelekee KRA pesa zako.

Kiasi cha awamu ndicho cha kufikiria sana. Jirani yangu, fundi wa madirisha, aliahidi Sh20,000 kwa mwezi ili aonekane muungwana. Karo ya muhula wa tatu ikagongana na awamu ya pili, akaikosa. Ukikosa awamu moja, salio lote linadaiwa papo hapo. Sh10,000 zisizokatika zingemfaa zaidi.

Na usingoje msamaha. Ule uliofuta faini na riba za hadi mwisho wa 2023 ulifungwa Juni 30, 2025.

Unapopanga awamu, weka kando pia ushuru wa mwaka huu. Ukitarajia kudaiwa zaidi ya Sh40,000, malipo yake ya mapema yanataka pesa Aprili 20, Juni 20, Septemba 20 na Desemba 20, iwe deni la zamani limeisha au bado.