Kupiga picha za ndege Tarangire ukiwa dereva mwenyewe

Safari yangu ya kwanza Hifadhi ya Tarangire na gari langu niliitumia kumsaka chui. Nilizunguka tangu asubuhi, kila nikiona magari mawili yamesimama nakimbilia huko, na jioni nikarudi Arusha na picha za vumbi pamoja na makalio ya swala pala. Siku hizi natembea robo ya mwendo ule na narudi na picha za ndege za kutosha. Huu ndio utaratibu wangu.

Hatua ya 1: Amua unataka nini, ndipo uchague mwezi

Juni hadi Oktoba ni kiangazi. Maji ya uhakika yanabaki kwenye Mto Tarangire, kwa hiyo tembo, pundamilia na nyumbu wanashuka wenyewe, na nyasi zimelala. Ni msimu mzuri kwa wanyama, ila anga lina ukungu wa vumbi. Novemba hadi Aprili wanakuwepo ndege wahamiaji waliokimbia baridi ya Ulaya na Asia, na madume ya kwera, wale ndege wasuka viota, yanavaa njano yao ya kutafutia wachumba. Mimi napenda Februari, kati ya vuli na masika: majani ni mabichi, hewa ni safi, na barabara nyingi bado zinapitika. Aprili na gari lako peke yako sikushauri.

Hatua ya 2: Gari

Liwe limeinuka na liwe na foo-wili. Beba tairi za spea mbili, jeki pamoja na kipande cha ubao wa kuiwekea chini (kwenye udongo laini jeki huzama badala ya kunyanyua gari), pampu ya upepo, kamba ya kuvutia na maji ya kunywa mengi kuliko unavyodhani. Jaza tangi kabla ya kuiacha lami. Kutoka Arusha unapita Makuyuni, unashika barabara ya Dodoma hadi Kwa Kuchinja, ndipo unakata kushoto kuelekea getini. Jumla ni kama kilomita 120. Kamilisha mambo ya malipo mapema, usiende na noti ukitegemea kulipa dirishani.

Usivae nguo nyeusi wala za bluu iliyoiva. Mbung'o wanazipenda rangi hizo, na akikuuma wakati umeshika pumzi kusubiri kambu, yule ndege mwenye mabawa ya bluu, aruke, utajua kwa nini nimelitaja.

Hatua ya 3: Shona mfuko wa maharage

Hiki ndicho kifaa changu cha bei ndogo kuliko vyote na ndicho ninachokitumia kila siku. Stendi ya miguu mitatu haina kazi ndani ya gari. Chukua kitambaa kigumu, jinzi iliyochakaa inafaa sana, ushone mfuko wenye ukubwa wa mto mdogo na uutie maharage au mchele mpaka robo tatu. Usiujaze kabisa; ukijaa unakuwa kama mpira na lenzi inateleza. Shusha kioo, laza mfuko juu ya ukingo wa dirisha, ukandamize lenzi juu yake. Kwa lenzi ya milimita 400 au 500 utapata utulivu ambao mikono haiwezi kukupa.

Sharti ni moja: zima injini. Mtetemo wa injini unapita kwenye mlango, unaingia kwenye mfuko na kuishia kwenye picha. Nimetupa picha nzuri sana za tai kwa uvivu wa kuzungusha ufunguo. Maharage yenyewe, baada ya safari, usiyapike.

Hatua ya 4: Tega kamera usiku uliotangulia

Ndege hatakusubiri utafute vitufe. Mimi naanza hivi: tundu la lenzi f/5.6 au f/6.3, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) ijipange yenyewe hadi 3200 au 6400 kulingana na kamera, fokasi ya kufuatilia kitu kinachotembea, na picha za mfululizo. Aliyetulia kwenye tawi namwekea kasi ya 1/500 ya sekunde. Anayeruka, 1/2000 au zaidi, na kwa keremkerem anayekamata nyuki hewani napanda hadi 1/3200.

Mwanga ndio unaowachanganya wengi. Tai akiwa juu na anga jeupe nyuma yake, kamera inadanganyika na weupe ule na kumfanya awe kivuli. Ongeza mwanga kwenye kamera kwa +1 au +1.5. Yangeyange mweupe mbele ya matete yaliyo kwenye kivuli ni kinyume: punguza, la sivyo manyoya yake yataungua, yaani yatatoka meupe tupu, na hutaweza kuyarudisha hata kwa programu gani.

Funika kamera kwa kanga wakati gari linatembea. Kubadilisha lenzi vumbini usifanye. Nilifanya mara moja, na doa moja likakaa pembeni ya kila picha ya siku mbili zilizofuata.

Hatua ya 5: Panga njia kwa kufuata jua

Hapa dereva wa Tanzania ana bahati. Tunakaa upande wa kulia. Geti kuu liko kaskazini, na asubuhi unaingia ukielekea kusini kando ya mto. Dirisha lako linatazama magharibi na jua la mashariki liko mgongoni mwako, linamwangaza ndege usoni. Jioni ukirudi kaskazini, dirisha lilelile linatazama mashariki na jua limehamia magharibi. Huna haja ya kugeuza geuza gari wala kumbana abiria. Ingia mara geti linapofunguliwa. Ile saa ya kwanza kwale wenye shingo ya njano wako barabarani wakiota jua, na tumbusi bado wamekaa kwenye miti mikavu wakisubiri hewa ipate joto la kuwanyanyua.

Hatua ya 6: Kumkaribia ndege

Usimwendee moja kwa moja. Sogea taratibu kama mtu apitaye, simama mbali, piga picha chache, sogea tena. Akinyoosha shingo na kuacha alichokuwa akifanya, umeshavuka mpaka wake, tulia. Usitoe mkono wala kichwa dirishani. Ndege wengi hawalihesabu gari kuwa ni mtu, ila umbo la binadamu wanalifahamu vizuri.

Kisha subiri. Mti wenye matunda, dimbwi dogo, kichuguu kando ya njia: chagua kimoja, ukae dakika 30. Kambu ana tabia ya kurudi kwenye tawi lilelile baada ya kukamata panzi, kwa hiyo lenga tawi, usimfukuze yeye. Tai au kipanga akiinama mbele na kujisaidia, weka kidole tayari: mara nyingi anaondoka, na huondoka akielekea upepo unakotoka. Ukiegesha gari upande ule, atakujia uso kwa uso.

Usiache barabara, hata kwa mita kumi. Usipige sauti za ndege kwenye simu ili wajitokeze. Dume anaacha kulisha au kulinda kiota na kupoteza nguvu akimtafuta mpinzani asiyekuwepo.

Hatua ya 7: Wa kutafutwa

Kasuku wadogo wa kijani wenye kichwa cheusi na ukosi wa njano ni wenyeji wa Tanzania. Watafute kwenye mashimo ya mibuyu. Kwezi wa kijivu, asiye na mng'ao wa kwezi wengine, wageni wengi wanampita bila kumtazama, na ndiye ambaye watazamaji ndege wanavuka bahari kumfuata. Yule kwera mkubwa mwenye madoadoa, mkia wa kutu na macho meupe-samawati utampata akiokota makombo kwenye sehemu ya mapumziko. Sehemu ya mapumziko iitwayo Matete ni mahali pazuri pa chakula cha mchana na mto uko chini yako, lakini tumbili wa pale ni wezi wenye uzoefu. Funga vioo. Hondohondo naye atapigana na kioo cha pembeni akidhani ni mwenzake. Kifunike kwa soksi.

Ndege wa maji wako kwenye kinamasi cha Silale. Kuna udongo mweusi kandokando ya kinamasi, na ukiwa na unyevu unashika tairi kama gundi. Nilikaa hapo kwa muda wa saa tatu nikisubiri gari la kunivuta. Ukiona njia inang'aa, geuza.

Kwenye nyanda za wazi angalia tandawala mkubwa, mmoja wa ndege wazito zaidi wanaoweza kuruka duniani. Anatembea sana, kwa hiyo piga picha ukiwa umemtangulia.

Hatua ya 8: Tembo

Kwao ndiyo sheria pekee inayobatilisha ile ya kuzima injini. Kundi likikaribia, injini iwake, nyuma yako pawe wazi, na usijiweke kati ya mama na mtoto. Masikio yaliyotandazwa na kichwa kinachotikiswa ni onyo. Dume mwenye majimaji yanayotiririka shavuni mpe barabara yote.

Hatua ya 9: Mchana na jioni

Kuanzia kama saa tano hewa juu ya ardhi inachezacheza, mazigazi yanaingia, na picha za mbali zinatoka kama zimepigwa kupitia maji yanayochemka. Lenzi ya bei kubwa haiondoi hilo. Pumzika kivulini, hamisha picha, andika majina ungali unakumbuka. Merlin na eBird, programu za simu za kutambua na kuorodhesha ndege, zinasaidia, ila pakua orodha ya Tanzania ungali na mtandao. Saa tisa na nusu toka tena. Kwa kurudi, usihesabu muda wa kufika getini kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa unaoruhusiwa. Hesabu kwa 20, kwa sababu nuru ya mwisho ikigonga mibuyu, utasimama tu.