Unatoka Mtwara kwenda Kilimanjaro kutafuta maua ya jamii ya haradali? Jiandae hivi

Maua madogo ya jamii ya haradali yanayoota juu Kilimanjaro yanachanganya hata waliosomea mimea, kwa sababu ua lenyewe halikuambii mengi. Petali (majani ya ua yenye rangi) nne zilizokaa msalaba, sepali (vijani vya nje vinavyofunika chipukizi la ua) nne, stameni (vijiti vya kiume vyenye chavua) sita, nne ndefu na mbili fupi. Karibu yote yako hivyo, na mengi ni meupe. Anayepanda akiwa na picha ya ua tu kichwani atashuka na majina ya kubahatisha. Kinachoyatenganisha ni tunda, vinyweleo, na namna jani linavyoshika shina. Mambo hayo matatu yanajifunzwa huku huku kwetu, kabla hata hujakata tiketi ya basi.

Kusini hatuna mlima wa kufanyia mazoezi. Miinuko yetu, Rondo na Uwanda wa Makonde, haifiki mita 1,000. Lakini jamii hii tunaila kila siku: chainizi, kabichi, sukuma wiki, figili. Kabichi na sukuma wiki ziache, maana zinahitaji wiki kadhaa za baridi ndipo zitoe maua, na baridi hiyo Mtwara haipo. Chainizi ndiyo mwalimu wako. Muombe anayelima bustani akuachie miche miwili mitatu isichumwe mpaka itoe maua na kufunga mbegu. Ukikosa, nunua haradali nzima kwenye duka la viungo, zile mbegu ndogo za mviringo, uzipande kwenye ndoo yenye udongo mzuri.

Tunda likikauka, lishike kwa vidole na ulifungue taratibu ukianzia chini, upande wa kikonyo. Maganda mawili yatabanduka kuelekea juu, na katikati itabaki fremu nyembamba yenye utando unaopitisha mwanga, mbegu zimening'inia pembeni. Fremu hiyo na utando wake ndiyo alama kubwa ya jamii hii. Rudia mpaka uijue bila kufikiri. Kisha vunja tunda la figili: halifunguki, ni nene na lina sponji ndani. Ni vizuri kujua mapema kwamba hata ndani ya jamii moja kuna wasiofuata desturi.

Linganisha pia na mgagani, unaojiotea shambani mvua zikianza. Nao una petali nne na stameni sita, lakini stameni zake zimebebwa juu ya kijiti kirefu katikati ya ua, jani lina vijani vitano vinavyotoka sehemu moja, na ukifungua tunda hukuti ule utando. Ni ndugu wa karibu wa haradali, ila siku hizi huwekwa kwenye familia yake. Aliyeweza kutenganisha mgagani na chainizi kwa lenzi ameshaanza kuona kwa jicho linalotakiwa.

Sasa jifunze majina ya kisayansi ya mimea utakayokutana nayo mlimani. Arabis alpina hupenda miamba yenye unyevu na kando ya vijito. Majani yake ya juu hayana kikonyo, yanalikumbatia shina kwa masikio mawili, na ukiyatazama kwa lenzi vinyweleo vina matawi kama nyota. Tunda ni refu na bapa. Arabidopsis thaliana ni mwembamba, wa msimu mmoja, ua lake ni la milimita chache tu, na majani ya shinani hayakumbatii. Huu ndio mmea wa kwanza duniani kusomwa jenomu yake, yaani maelekezo yake yote ya urithi, kazi iliyokamilika mwaka 2000, na watu wengi huupita njiani bila kuuona. Cardamine utazijua kwa jani lililogawanyika vijani, na kwa tunda lililokomaa: liguse tu, maganda yanajikunja ghafla na mbegu zinaruka. Cardamine hirsuta mara nyingi ina stameni nne badala ya sita, basi usidhani umepotea familia. Oreophyton falcatum hulala chini kabisa, na tunda lake limepinda kama mundu. Kwenye matope ya vidimbwi vya juu kuna Subularia monticola, majani membamba kama sindano, rahisi kudhania ni nyasi changa.

Vifaa si vingi: lenzi ya mkono ya kukuza mara kumi, rula ya milimita, daftari, na penseli badala ya kalamu, kwa kuwa wino haupendi baridi wala karatasi yenye unyevu. Lenzi izoee nyumbani. Inasogezwa karibu kabisa na jicho, kisha mmea ndio unaletwa kwenye lenzi. Simu ibebe ndani ya shati, baridi humaliza chaji haraka.

Kuhusu mwili, nasisitiza. Mtwara tunaishi karibu na usawa wa bahari, na Horombo, kituo cha kulala huko mlimani, kiko mita 3,720. Safari ya basi hadi Moshi ni zaidi ya kilomita 1,000, kwa hiyo pumzika kabla ya kuanza kupanda. Omba ratiba yenye usiku wa ziada Horombo. Mwili utazoea, na hiyo siku ya ziada ndiyo ya kutazama mimea kwa utulivu. Kichwa kikiuma na kuzidi, ukitapika au ukayumba, mwambie kiongozi na ushuke. Mwenye presha, pumu au ugonjwa wa moyo aonane na daktari mapema. Koti zito, glovu na soksi za sufu si vya kuazima dakika ya mwisho.

Epuka mvua za Machi hadi Mei. Utafute mmea wenye ua na tunda kwa pamoja: mara nyingi matunda yako sehemu ya chini ya shina la maua, na maua yako kwenye ncha yake.

Ile ni hifadhi ya taifa, hivyo utapanda na kiongozi aliyesajiliwa, na kuchuma mmea kunahitaji kibali. Kama huna, piga picha nne: mmea mzima, jani la chini, jani la shinani, tunda likiwa na rula pembeni. Andika mita za mwinuko, kama ni mwamba, tope au kijito, na vinyweleo ulivyoviona. Fanya hivyo pale pale, kabla ya kusogea. Jina liandike jioni. Usipopata tunda, ishia kwenye jenasi, yaani jina la kwanza la kisayansi, kwa mfano uandike Cardamine peke yake, na nafasi ya jina la pili uiache wazi.