Pini ya gitaa imegoma kutoka? Anza na kidole, plaizi iache kwanza

Gitaa la binamu yangu lina alama mbili pembeni ya pini ya uzi wa sita, ule mnene, na ukiziangalia kwa makini utagundua ni meno ya uma. Uma huu huu wa kulia chipsi. Nilifanya mimi, kipindi hicho nakaa Ngamiani, nimeazima gitaa la watu siku mbili niende nalo kwenye shughuli, uzi ukakatika, nikanunua mwingine, kufika nyumbani pini imeganda haitoki, basi nikaichokonoa na uma kama mtu anayefungua kopo la maziwa. Ilitoka ndio, ila mbao ikabonyea, na binamu mpaka leo tukikutana iwe msibani iwe harusini lazima autaje ule uma.

Sasa twende. Nazungumzia gitaa kavu la nyuzi za chuma, wazee wengine bado wanaliita galatoni, lile lenye vichwa sita vidogo vya mviringo, ndio pini zenyewe, vimejipanga kwenye briji, kile kibao cha juu ya tumbo la gitaa nyuzi zinakoishia. Kama lako ni la nyuzi za nailoni basi halina pini, uzi unafungwa fundo tu, huu uzi wa leo sio wako (nimecheka mwenyewe hapo). Na yale ya umeme, kama waliyokuwa wanayakung'uta bendi za kina Jamhuri Jazz na Atomic Jazz hapa hapa Tanga, nayo kwa kawaida hayana haya mambo.

Kitu ambacho watu wengi hawajui, na mimi siku ya uma sikujua, ni kwamba pini yenyewe haijabeba uzi. Mwisho wa uzi kuna kitufe kidogo cha shaba, kile kitufe kinapita tunduni na kwenda kujibanza chini ya ubao ulio ndani ya gitaa, kazi ya pini ni kukisukuma pembeni kisirudi juu, basi. Kwa hiyo ukivuta pini wakati uzi bado umekaza unavuta na kitufe pamoja nayo, na kitufe kimeshikilia ubao, yaani unapigana na gitaa zima. Nyuzi sita zikiwa zimetyuniwa kawaida, zile za saizi ya 12 (huo ni unene wa uzi mwembamba kuliko wote), zinavuta jumla kama kilo 70 hivi. Mfuko wa simenti na zaidi. Utashinda na plaizi?

Kwa hiyo hatua ya kwanza haina kifaa. Legeza uzi mpaka ulale kabisa, sio ulegee nusu, ulale kama kamba ya kuanikia nguo iliyokatika upande mmoja. Usikate uzi uliokaza na mkasi ili uwahi, unaruka kama nyoka na macho yako ni mawili tu. Ukishalegea, shika uzi pale pale karibu na pini, sentimita moja hivi, usukume kuingia chini tunduni. Usivute, sukuma. Ukisikiliza vizuri utasikia "tk" ndogo ndani, hiyo ni kitufe kimeachia ubao. Jaribu pini sasa kwa vidole viwili, izungushe kidogo kushoto kulia huku unaivuta. Nakuhakikishia katika pini sita, nne zitatoka hapo hapo na utajiona mjinga kwa yale majasho yote.

Zilizobaki ndio tunazitafutia zana.

Mimi zana yangu namba moja ni kastabini. Ndiyo, ile kastabini ya kushonea, kikofia cha chuma anachovaa fundi kidoleni sindano isimchome. Niliigundua kwa bibi, namuona kakaa mkekani anashona kofia, nikamwambia bibi hebu niazime hicho kitu dakika mbili. Unavaa kidole cha kati, unaingiza mkono kwenye tundu kubwa la gitaa, unapapasa chini ya briji mpaka ukutane na ncha za pini zimechomoza, zimejipanga kama meno ya chini ya mtoto. Unaweka kastabini kwenye ncha ya pini unayoitaka na kusukuma juu. Vile vishimo vya kastabini vinashika ncha isiteleze. Mkono wa pili uwe juu umefunika pini kwa kiganja, maana ikiachia inaruka, na pini ya gitaa ikiruka chumbani kwako itaingia chini ya kitanda, haijawahi kwenda kwingine.

Uzuri wa kusukuma kutoka chini ni kwamba hakuna kinachogusa briji kwa juu kwa hiyo hakuna pa kuweka alama. Huna kastabini tumia sarafu ya mia mbili, ishike kwa vidole na usukume kwa ubapa wake, au mgongo wa kijiko kidogo cha chai. Hapo lazima nyuzi zote uwe umezilegeza ili mkono upite. Nenda taratibu humo ndani, kuna vijiti vya mbao vimegundishwa kushikilia uso wa gitaa, na kama gitaa lako lina pikapu, kile kifaa cha kunasa sauti kuipeleka kwenye spika, kuna waya unapita maeneo hayo hayo, ukiuvuta umejitafutia kazi nyingine ya kwenda kwa fundi wa kuchomelea risasi. Mwenye mkono mkubwa amwite mdogo wake. Sitanii, mtoto wa jirani wa miaka kumi na moja ndiye fundi wangu msaidizi, ananiita mjomba na kila pini anadai ubuyu.

Njia ya pili ni kile kimkono cha plastiki cha kuzungushia nyuzi, kinauzwa kwenye maduka ya vyombo vya muziki na hata kwa wanaouza vitu vya mtandaoni, bei yake ndogo. Wengi wanacho na hawajui kwamba lile pengo lililokatwa kwenye kichwa chake ni la kung'olea pini. Unaliingiza pengo chini ya kichwa cha pini, kichwa kinakaa ndani ya pengo, halafu unainua polepole. Lakini, hapa ndipo kosa la uma linapojirudia, kile kichwa cha plastiki kinaegemea kwenye briji wakati unainua, kwa hiyo tanguliza kadi ya zamani ya benki au kipande cha boksi chini yake. Zile za bei rahisi sana plastiki yake laini, ikikutana na pini iliyoganda inapinda yenyewe, hapo acha, rudi kwenye kastabini.

Kuna na plaizi maalumu za kazi hii, mdomo wake una pengo la kukaa kichwa cha pini bila kukibana, mimi nimeziona ila sijawahi kuona sababu ya kununua kwa gitaa moja. Plaizi ya kawaida, ile ya fundi umeme, iwe ya mwisho kabisa na uifunge kitambaa au raba ya tairi la baiskeli mdomoni, ushike kichwa cha pini kidogo tu na uvute wima. Usizungushe kwa nguvu. Pini nyingi za gitaa za bei ya kawaida ni plastiki, kichwa kinakatika na mguu unabaki ndani.

Kikikatika usilie. Mguu uliobaki unausukuma kutoka chini vile vile, na kitu butu, hata nyuma ya kalamu. Ukikataa, chukua skrubu nyembamba, izungushe kwa mkono na bisibisi iingie katikati ya ule mguu, mizunguko michache tu, kisha shika skrubu na plaizi uvute juu, itatoka na kisiki chake. Ukienda kununua pini mpya beba moja nzima ya mfano kwani hazina unene mmoja, usije ukarudi na paketi nzima inayopwaya.

Halafu nyie wa mafuta ya nazi. Najua sisi watu wa pwani kila kitu kikikwama tunakimbilia mafuta ya nazi, mlango nazi, bawaba nazi, pete ya bi harusi nazi. Kwenye tundu la pini hapana, mbao inayanywa, uchafu unagandia, na pini uliyoipaka mafuta nayo itateleza kupanda juu ukikaza uzi.

Kwa nini ziliganda lakini? Mara nyingi ni sisi wenyewe, mtu anaweka uzi mpya halafu anaigongelea pini na kiatu ili ikae. Ongeza hewa ya chumvi ya huku kwetu, uzi unaota kutu pale pale unapopita kwenye pini na vinashikana. Kwa hiyo unaporudisha, futa mguu wa pini na kitambaa kikavu, na kama bado inabana sana pitisha msasa laini mara mbili tatu, usizidishe. Kila pini irudi kwenye tundu lake, mimi nazipanga juu ya meza kwa mstari kama zilivyokuwa.

Kunja kidogo ncha ya uzi karibu na kitufe, kama digrii arobaini na tano hivi, ingiza kitufe tunduni, fuatisha pini, ule mfereji wake ukiangalia upande wa shingo ya gitaa ili uzi upite humo. Bonyeza pini kwa kidole gumba kwa wastani tu na mkono mwingine uvute uzi juu mpaka usikie umegota. Hapo kitufe kimeshika ubao. Kaza polepole huku jicho liko kwenye pini, ikianza kupanda acha kukaza, kitufe kimekaa kwenye ncha ya pini badala ya pembeni, legeza urudie. Usiigonge! Ukiigonga leo, uzi ukikatika tena utakuwa unanitafuta.

Na ukikuta pini imedondokea ndani ya tumbo la gitaa, ligeuze uso chini, litikise taratibu ukilengesha tundu, itatoka. Ya kwangu ilitoka pamoja na piki mbili, vile vipande vya plastiki vya kupigia nyuzi, na sarafu ya mia.