Jinsi ya kuandaa igizo na wasanii wenye ulemavu, hatua kwa hatua

Naongoza kikundi cha maigizo Dar, na watu huniuliza wamwingizeje msanii mwenye ulemavu wakati zimebaki wiki mbili igizo lipande jukwaani. Hapo umeshachelewa, anza tangu usaili.

Hatua ya 1, usaili. Tangazo lirekodi pia kwa sauti ulirushe WhatsApp kwa ajili ya wasioona, na video ya lugha ya alama kwa viziwi. Mtu akija usimpe uhusika wa ombaomba wala mgonjwa anayeponywa mwishoni, jamani hizo tumeziona mpaka basi, mpe mama mkwe, mpe mwenyekiti wa mtaa, mpe jambazi.

Hatua ya 2, muulize yeye mwenyewe, sio ndugu aliyemsindikiza. Mwenye ualbino anaweza kukwambia taa ya mbele inamuumiza macho, basi unaisogeza pembeni na skripti unamchapia herufi kubwa. Ongeeni na nauli hapo hapo, mwenye kiti mwendo daladala ya jioni hapandi, kwa hiyo hela ya bajaji iingie kwenye bajeti kama ya mavazi.

Hatua ya 3, ukumbi. Rampu, yani njia ya mteremko ya kupitisha kiti mwendo badala ya ngazi, inataka sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita 1 ya kimo, yani jukwaa la sentimita 50 ni rampu ya mita 6. Kama haiwezekani shukeni chini, watazamaji wakae duara kama kwenye ngoma. Na kagua nyuma ya jukwaa! Kuna ukumbi tuliingia una rampu safi kwa watazamaji, huku nyuma ngazi tupu, mwenzetu akabebwa mzobemzobe mbele za watu, alilia na mimi sijasahau.

Hatua ya 4, mazoezi, hapa ndo kwenye kazi yenyewe. Kwa asiyeona tunabandika kamba ya katani sakafuni, anaifuata kwa unyayo peku, fundo moja maana yake simama hapa, mafundo mawili ukingo wa jukwaa umekaribia. Vitu visihamishwe kabisa, kigoda kikisogezwa kidogo tu anajikwaa. Kiziwi naye usimpe ishara ya kuingia kwa ngoma peke yake, kwenye mbao anaweza kuhisi mtetemo miguuni ila kwenye simenti hakuna kitu, sisi tunatumia kitendo, mwenzake akitua kikombe ndo anaingia. Mkalimani awepo tangu zoezi la kwanza, na kikundi kizima kijifunze alama za rudia, subiri, twende tukale, maana kule kwenye chai ndo watu wanazoeana.

Hatua ya 5, siku ya onyesho. Mkalimani asimame penye mwanga, uso na mikono vionekane. Kabla hamjaanza wafundishe watazamaji makofi ya viziwi, mikono juu unaitikisa, wajaribu mara mbili tatu, ili igizo likiisha wasanii wako wote wayapate.