Kupandisha gia bila klachi ni kazi ya mkono wa kulia

Ukipandisha gia bila klachi na pikipiki ikapiga "kwaa!", usiulaumu mguu. Kosa limefanywa na mkono wa kulia, ule ulioshika resi. Wengi wanadhani siri iko kwenye kuipiga pedali ya gia kwa nguvu zaidi, na mimi kama fundi nakutana na kazi za watu hao mezani, gia boksi ikiwa imefunguliwa.

Tuingie humo kidogo. Meno makubwa ya gia za pikipiki yameumana muda wote, jozi kwa jozi, hata ukiwa nyutro. Ukiinua pedali, inayosogea ni gia moja inayoteleza kwenye shafti, ikisukumwa na uma mwembamba wa chuma. Ubavuni gia hiyo ina vinundu vinene, na gia ya jirani ina matundu ya kuvipokea. Vinundu vikizama kwenye matundu, gia hizo mbili zinazunguka pamoja na nguvu inafika kwenye tairi.

Injini ikiwa inavuta, vinundu vinakandamizwa kwenye ukuta mmoja wa tundu na havichomoki kirahisi. Ukifunga resi kabisa, mambo yanageuka: sasa tairi ndilo linaloisukuma injini, na vinundu vinabanwa kwenye ukuta wa pili. Katikati ya hali hizo mbili kuna kitambo kifupi mno ambapo vinundu vimelegea, havivutwi wala havisukumwi. Hapo gia inatoka yenyewe. Klachi hukutengenezea kitambo hicho kwa kuitenga injini na gia boksi. Ukiiacha klachi, inabidi ukitengeneze kwa resi.

Kabla hujajaribu, angalia pikipiki yako ni ya aina gani. Zile zisizo na mkono wa klachi kabisa, za ukoo wa Honda Super Cub iliyoanza kuuzwa mwaka 1958, zina klachi ndani, na pedali yenyewe ndiyo inayoiachanisha unapoikanyaga. Hizo haya hayazihusu. Na kama yako imefungwa kifaa cha kubadilisha gia haraka, kile chenye kihisio kwenye fimbo ya pedali kinachoikatia injini moto kwa sehemu ndogo ya sekunde, usifunge resi unapopandisha. Kifaa kinafanya kazi hiyo kwa niaba yako.

Tafuta barabara iliyonyooka, kavu, isiyo na watu. Kaza cheni kwanza ifikie kipimo cha pikipiki yako, maana cheni iliyolegea inapiga mshtuko hata ukipatia. Anza na gia ya pili kwenda ya tatu. Injini iwe inavuta vizuri kwenye mzunguko wa kati, isiwe inagugumia wala kupiga kelele.

Weka ncha ya kiatu chini ya pedali, kisha iinue taratibu mpaka uhisi imegota. Usiipige. Iache hapo, mguu ukiendelea kuibana kwa nguvu ndogo tu. Gia haitahama kwa sababu vinundu bado vimekandamizwa. Sasa rudisha resi kidogo na kwa haraka, usiifunge yote, kisha ifungue tena papo hapo. Pedali itapanda yenyewe chini ya kiatu, "tik", na utakuwa gia ya tatu. Achia mguu kabisa, pedali irudi mahali pake kabla ya gia inayofuata.

Ukihisi pikipiki imeinamisha pua halafu ikaruka mbele, umefunga resi mno au umechelewa kuifungua. Pedali ikigoma kabisa, hujairudisha vya kutosha. Ya tatu kwenda ya nne, na ya nne kwenda ya tano, ni rahisi zaidi, kwa sababu tofauti ya mwendo kati ya gia hizo ni ndogo. Ya kwanza kwenda ya pili mimi natumia klachi: nyutro imekaa katikati yake, na mguu mlegevu unaishia hapo.

Wakati mwingine gia haikai popote, injini inapiga kelele bure. Usipige teke. Funga resi, vuta klachi, ingiza gia kistaarabu. Vinundu vikigongana huku vikizunguka kwa mwendo tofauti, kona zake huliwa. Nikivishika vilivyolika, kona iliyotakiwa kuwa kali inateleza kwenye kidole na inang'aa. Pikipiki ya namna hiyo huanza kutema gia unapoongeza resi, na kuitibu ni kupasua injini.

Kushusha gia bila klachi kunawezekana pia: resi ikiwa imefungwa, bana pedali kwenda chini, kisha piga resi kidogo, gia inaingia. Lakini mkono huohuo unatakiwa kwenye breki ya mbele, na ukikosea, tairi la nyuma linaweza kukwama na kuteleza. Kushuka, tumia klachi.

Isipokuwa waya wa klachi umekatika njiani. Hapo ujuzi huu unakufikisha nyumbani. Anza kwenye mteremko kama upo, injini ikiwaka kwa mzunguko wa chini na gia ikiwa nyutro. Iache ibiringike mpaka mwendo wa mtu anayekimbia, ndipo uingize gia. Itashtuka kidogo, jishike. Unapokaribia kusimama, shuka hadi ya pili, punguza mwendo, kisha bonyeza pedali nusu tu ipate nyutro. Ikigoma, zima injini kwa swichi ya mkononi kabla hujasimama. Kwenye msongamano wa magari, shuka uisukume.

Waya huo mara nyingi hukatikia karibu na kile kichwa chake kinachokaa kwenye mkono wa klachi. Vuta mpira unaoufunika, angalia nyuzi. Ukiona hata moja imechomoza, badilisha. Anayesafiri mbali apitishe waya mpya sambamba na wa zamani, ncha zote mbili zikiwa zimefungwa kwa nailoni. Ukikatika, anahamisha vichwa tu.