Nobu ya redio ya zamani: kalibu ya silikoni na resini

Redio inaimba vizuri kabisa, ila nobu moja imepotea na mwenyewe anaongeza sauti kwa koleo. Inaniuma kuiona hivyo. Ukizunguka Luthuli Avenue, mtaa wa vifaa vya umeme jijini Nairobi, utapata nobu za kila aina, lakini ya kufanana na zilizobaki kwenye redio ya mbao ya zamani ni bahati. Ikiwa moja imesalia nzima, hiyo itazaa nyingine.

Kazi kubwa iko kwenye hiyo nobu ya mfano. Silikoni hunakili kila kitu: mkwaruzo, unywele, hata alama ya kidole. Ioshe kwa sabuni, ziba nyufa kwa puti ya magari, kisha piga msasa wa maji, namba 400 halafu 800. Ile mistari ya pembeni usiiguse kwa msasa. Ipitishie kijiti cha meno, mmoja mmoja.

Jaza plastisini kwenye tundu la nyuma, kisha gundisha nobu juu ya kipande cha fomaika, uso ukitazama juu. Usitumie kioo, silikoni hukishika. Zungushia kipande cha bomba la plastiki, uache sentimita 1 kila upande na juu. Silikoni ni ghali, na bomba halina kona za kuimeza bure. Ikiwa ni silikoni ya platinamu (inayogandishwa kwa platinamu), plastisini isiwe na salfa na usivae glavu za mpira wa kawaida, la sivyo itabaki ikinata. Ile ya bati haichagui sana.

Pima silikoni na kigandishi chake kwa mizani, usikadirie: kuna ya 100 kwa 10, kuna ya 1 kwa 1, kopo litakwambia. Paka kwanza kwa brashi juu ya nobu, halafu mimina uzi mwembamba pembeni, ipande yenyewe. Iache hadi kesho, kisha toa bomba, ng'oa nobu na pindua kalibu, mdomo utazame juu.

Kwa resini ya kujaza kalibu, mimi nachukua epoksi. Poliesta ya mafundi wa bodi za matatu hunywea ikiganda, na harufu yake haifai nyumbani. Fungua madirisha, vaa glavu za naitraili. Mzio wa epoksi ukishakuingia hautoki. Baridi ya Julai huifanya nzito, basi weka chupa zikiwa zimefungwa kwenye maji ya uvuguvugu kabla ya kuchanganya.

Tundu ndilo linalowashinda wengi, kwa sababu kekee ikienda upande kidogo tu nobu inayumba. Tafuta volyumu iliyokufa (ile sehemu inayozungushwa na nobu), ukate mhimili wake uutumie kuacha tundu. Nyingi ni milimita 6, lakini zipo za 6.35, kwa hiyo pima kwa venia, kile kipimo cha taya mbili. Upake Vaselini vizuri, uupitishe kwenye kadi ngumu iliyolazwa juu ya mdomo wa kalibu, usimame wima katikati ya resini. Kesho yake uvute kwa koleo ukiuzungusha kidogo, kama ni wa duara. Wenye ubapa upande mmoja uvute moja kwa moja.

Usiifunge kwenye redio siku hiyo. Epoksi huendelea kukomaa kwa siku kadhaa, na ukiwahi, ubapa wa ndani utalika na nobu itazunguka bila sauti kubadilika.